Gogo la Kukalia: shajara ya kasha moja tangu wazo hadi watafutaji

Mwanzoni mwa Machi. Wazo

Nimeamua kuficha kasha. Si la kujazia ramani. Nataka lile ambalo mtu akilipata anacheka peke yake hapo hapo, kisha anatamani kumpigia mwenzake simu na anajizuia asije akamharibia utamu. Nitaandika hatua zake humu kadiri zinavyokwenda, hata zile za kuchosha.

Kwa asiyeucheza mchezo huu: jiokashi ni kutafuta vitu vilivyofichwa kwa msaada wa GPS. Mtu anaficha chombo chenye daftari, anatangaza viwianishi vyake, yaani latitudo na longitudo, na wengine wanakwenda kukitafuta. Ukikipata unasaini daftari, unakirudisha kama ulivyokikuta, halafu unaandika taarifa ya safari yako ili mfichaji na wengine waisome.

Mchezo ulizaliwa mara tu ulipowezekana. Hadi mwanzoni mwa Mei 2000, Marekani ilikuwa ikiyavuruga makusudi mawimbi ya GPS yanayotumiwa na raia, hata kifaa kikawa kinaweza kukosea kwa kiasi cha mita 100. Rais Clinton aliagiza uvurugaji huo uzimwe, ukazimwa tarehe 2 Mei. Kesho yake Dave Ulmer akapeleka ndoo porini karibu na Beavercreek, jimboni Oregon. Ndani alitia vitabu, kanda za video, manati na kopo la maharage, akatangaza namba za mahali. Mike Teague ndiye aliyeifikia wa kwanza. Ndoo ile ilikuwa imefukiwa nusu, jambo ambalo leo mkaguzi yeyote angelikataa, lakini mambo mengine yote ya mchezo yalikuwemo tayari: daftari, penseli, na utaratibu wa kuchukua kitu na kuacha kitu.

Sasa makasha yamepita milioni tatu duniani, na shida imegeuka. Kuficha kitu kisionekane si kazi. Chukua kikopo kidogo kuliko kifuniko cha kalamu, kitupe ndani ya kichaka cha miiba, kipe ugumu wa 5, alama ya juu kabisa, nenda nyumbani ukalale. Watu watahangaika, wengine watang'oa matawi, na atakayekipata atafurahi kwamba mateso yameisha. Sitaki furaha ya namna hiyo. Nataka kasha lililo wazi mbele ya macho, ambalo mtu akishalijua hawezi kuelewa alilikosaje.

Wiki hiyo hiyo. Daraja

Mahali pa kwanza nilipopafikiria ni daraja dogo la mbao kwenye kijia cha hifadhi ninapotembea mara kwa mara. Chini yake kuna boriti za chuma, na kikopo chenye sumaku kingeshika vizuri.

Nimelipa siku chache akilini na tayari nimeanza kulichoka. Kila mtafutaji mzoefu akifika darajani anajua la kufanya: anapiga magoti, anapapasa kwa chini, anakuta sumaku. Hilo si fumbo, ni zoezi la mgongo. Tena chombo kilichobanwa chini ya daraja kinaleta maswali kwa mpita njia asiyeujua mchezo. Mwaka 2011, katika mji wa Wetherby huko Uingereza, mtu alionekana akishughulika na kiboksi mtaani kwa namna ya kutia shaka, polisi wakaitwa, wakaja wataalamu wa mabomu, wakakilipua. Lilikuwa kasha. Tangu hapo mimi huandika nje ya chombo, kwa herufi kubwa, kwamba hiki ni kifaa cha mchezo, na sifichi karibu na miundombinu ambayo watu wana sababu ya kuilinda.

Hata hivyo nimetuma namba za daraja kwa mkaguzi nione atasemaje. Wakaguzi ni wachezaji wa kujitolea wanaopitia kila kasha kabla halijatangazwa, na ni afadhali kuwauliza kabla hujatengeneza kitu.

Siku chache baadaye. Jibu

Mkaguzi amenitoa kwenye daraja, na wala sikusikitika. Kanuni ni kwamba chombo kimoja na kingine viachane kwa angalau mita 161, yaani sehemu ya kumi ya maili. Kwenye ramani hapakuwa na chochote karibu, lakini kuna kasha la fumbo ambalo namba zake za kweli hupati mpaka ulitegue, na mwisho wake uko ndani ya umbali huo. Hakuniambia uko wapi hasa, na ndivyo inavyopaswa. Amenishauri nisogee juu, upande wa kilima.

Kanuni hii wengine huilalamikia, ila jaribu kuwaza bila yake. Jangwani Nevada, kando ya barabara iitwayo E.T. Highway, waliwahi kupanga vikopo zaidi ya elfu moja, kila kimoja mita 161 kutoka kwa mwenzake. Watu husafiri kutoka mbali kwenda kuvikusanya: gari linasimama, mmoja anashuka, anasaini, wanaondoka. Kuna wanaoipenda namna hiyo na siwanyimi raha yao. Lakini muulize aliyeimaliza ni kikopo gani anachokikumbuka.

Katikati ya Machi. Magogo

Juu ya kilima kijia kinapanuka, na pana magogo sita yaliyokatwa mafupi na kusimamishwa yawe viti. Watu hupumzika hapo wakitazama bonde. Nilikaa juu ya mojawapo nikinywa maji, nikawa natazama kifundo cha tawi lililokatwa zamani, kimechomoza ubavuni mwa gogo la jirani. Wazo likaja lenyewe: gogo la saba, na kifundo chake kiwe mlango.

Mtafutaji atafika amechoka. Namba zitamleta kwenye viti. Atazunguka, atachungulia nyuma ya miti, atainamia mawe, na akishindwa atakaa kitako juu ya kitu kile kile anachokitafuta.

Kabla ya kukata chochote nimekwenda kwa msimamizi wa hifadhi. Ruhusa ya mwenye ardhi si adabu tu, mkaguzi huiulizia. Mzee amenisikiliza hadi mwisho bila kusema neno.

"Kwa hiyo mtu atakaa juu yake, na hajui?"

"Ndiyo, mzee."

"Na wewe unafaidika nini?"

Nikamwambia ukweli, kwamba sifaidiki kitu. Akatikisa kichwa kama mtu aliyesikia ugonjwa mpya, kisha akanipa masharti: nisipigilie msumari kwenye mti wowote ulio hai, nisichimbe, nisipake rangi, na gogo atanipa yeye kutoka kwenye mti ulioanguka, ili nisilete kuni za mahali pengine zenye wadudu wake. Hilo la wadudu sikuwa nimelifikiria kabisa. Nimeondoka na gogo lenye upana wa karibu sentimita 40, zito kiasi kwamba tulilibeba wawili.

Mwisho wa Machi. Karakana

Hapa nitakaa kidogo, maana ndiyo kazi yenyewe.

Chombo kwanza. Wachezaji hugawa vyombo kwa ujazo: chini ya mililita 100 ni kidogo kabisa, kutoka hapo hadi lita moja ni kidogo, hadi lita 20 ni cha wastani, zaidi ya hapo ni kikubwa. Ningeweza kutumia kijibomba chembamba kinachoingiza karatasi iliyoviringishwa tu. Nimekataa. Nataka daftari lenye kurasa, penseli, na nafasi ya vitu vya kubadilishana, hasa vile vyenye namba ya kufuatiliwa vinavyosafirishwa na watafutaji kutoka kasha hadi kasha. Nimepata kopo la plastiki lenye mdomo mpana, mfuniko wa kukaza na mpira ndani yake. Ujazo wake ni robo lita hivi.

Tundu nimelitoboa ubavuni mwa gogo kwa msumeno wa duara, kisha nikamalizia kwa patasi. Linapanda kidogo kuelekea ndani. Ukitoboa sawa kwa sawa, au linaloshuka, maji ya mvua yataingia na kutulia nyuma ya kopo, na baada ya miezi michache una supu. Mdomo ukiwa chini kuliko mwisho wa tundu, maji yanatoka yenyewe. Ila kopo nalo linataka kutoka lenyewe. Dawa yake ni mpira wa duara uliovishwa kiunoni mwa kopo, unaobana kiasi cha kulishika bila kuligomesha.

Gogo bado ni bichi, na mti ukikauka husinyaa, tena si sawa pande zote, kwa hiyo tundu la duara litakuja kuwa la yai. Nimeacha nafasi ya milimita kadhaa kuzunguka kopo ili kesho na keshokutwa lisije likabanwa humo moja kwa moja. Mpira ndio unaoijaza nafasi hiyo kwa sasa.

Halafu hewa. Nilipolisukuma kopo ndani mara ya kwanza lilirudi nje taratibu, kama linakataa. Hewa iliyokwama nyuma ilikuwa inalisukuma, na ukilivuta, hewa hiyo hiyo inalinyonya. Nimetoboa kijitundu chembamba kutoka chini ya gogo hadi mwisho wa tundu kubwa. Sasa kopo linaingia na kukaa, na likitoka linatoa sauti ndogo ya kuridhisha sana. Nimelitoa na kulirudisha mara nyingi kuliko kazi ilivyohitaji.

Kifundo kimechukua muda kuliko vyote. Nilikata kipande cha tawi cha mti ule ule, kikichomoza upana wa vidole viwili, nikakigandisha juu ya mfuniko pamoja na duara la gome. Hicho ndicho mpini. Tatizo ni mstari. Jicho la binadamu halipitwi na duara kamili, mahali popote porini likiona mviringo uliokatwa kwa mashine linasimama. Kwa hiyo ukingo wa gome nimeuvunjavunja kwa kisu ufuate nyufa za asili, na nyufa za gogo nazo nimezirefusha zipite juu ya mpaka. Ukilitazama ukiwa umesimama, huoni kitu. Ukiinama, jua likiwa ubavuni, kuna kivuli chembamba upande mmoja ambacho kingeweza kuwa ufa wowote. Nimekiacha makusudi. Fumbo lisilo na mwanya wowote ni ukuta.

Ndani: daftari la karatasi isiyoloa, penseli mbili fupi (kalamu za wino huganda na kuvuja), vipakiti vya kunyonya unyevu, na karatasi ya kumweleza atakayelikuta kwa bahati kwamba hili ni nini na alirudishe vipi. Chakula hakiwekwi, hata pipi iliyofungwa. Wanyama wana pua kuliko sisi na watalitafuna kopo lote.

Mwanzoni mwa Aprili. Namba

Gogo limefika kilimani na limekaa na wenzake kana kwamba lilizaliwa hapo. Kilichobaki ni kupima mahali.

Wachezaji huandika viwianishi kwa digrii na dakika zenye tarakimu tatu baada ya nukta. Tarakimu ile ya mwisho kwenye latitudo ni sawa na mita 1.85 hivi ardhini. Kwenye longitudo ni umbali huo huo ukiwa ikweta, na unapungua kadiri unavyoelekea ncha za dunia. Kwa hiyo hata namba kamilifu haiwezi kukuonyesha kidole. Ongeza simu: chini ya anga wazi, simu ya kawaida iko ndani ya mita tano hivi kutoka mahali pa kweli. Ongeza matawi yanayozuia na kurudisha mawimbi ya setilaiti. Halafu kumbuka kwamba simu ya mtafutaji nayo ina kosa lake, na makosa mawili yakielekea pande tofauti yanajumlishana. Ukishafika ndani ya mita kumi, weka simu mfukoni utumie macho. Wanaoanza huendelea kuufuata mshale wakizunguka kama kuku aliyekatwa kichwa, mshale unageuka, nao wanageuka.

Nimepima kwa nyakati tofauti za siku na siku tofauti, nikiiacha simu juu ya gogo kwa dakika kadhaa kila mara, nikatupa kipimo kilichokwenda mbali na wenzake, nikachukua wastani. Kisha nikatembea mbali kwa upande mmoja, nikarudi nikifuata namba kama mgeni. Nikafanya vivyo hivyo kutoka upande wa pili. Mara zote imenileta katikati ya viti. Kusogea zaidi ya hapo ingekuwa huruma iliyopitiliza.

Wiki iliyofuata. Jaribio

Mpwa wangu ameshapata makasha ya kutosha kujiona bingwa, kwa hiyo ndiye niliyemhitaji. Nilimpa namba tu, bila kidokezo. Mama yake, dada yangu, alikuja naye akisukuma kigari cha mtoto, na kigari hicho nacho nilikuwa na kazi nacho.

Kijana alifika akapita viti moja kwa moja. Akaenda kwenye mti mkubwa uliolala nyuma, mahali ambapo mimi mwenyewe ningeanzia. Akapapasa mizizi. Akageuza mawe, akayarudisha (nilimfundisha vizuri). Akarudi kwenye viti, akaviinamia kimoja kimoja akitazama chini yake, na hapo moyo wangu ulidunda kidogo. Akapita. Kisha akaketi kwenye gogo la saba, kifundo kikiwa kinagusa nyuma ya mguu wake.

"Mjomba, namba zako mbovu."

"Namba ziko sawa."

"Sasa mbona unacheka?"

"Sicheki, mjomba."

Dada ilibidi ageukie bonde. Kijana akakaa, akaulizia maji, akanywa, akaeleza kwa kirefu kwa nini simu yangu ni ya zamani. Alilipata alipoinama kufunga kamba ya kiatu na kushika kifundo ili asianguke. Kikasogea. Alinyamaza, akakisogeza tena, akanitazama, kisha akakivuta, na ile sauti ikatoka. "Hii si haki, mjomba," alisema, akicheka hadi akaketi chini. Kabla ya kusaini alilirudisha kopo na kulivuta tena mara kadhaa ili alisikie.

Nimeandika mambo mawili ya kurekebisha. Moja, alipokuwa akikagua magogo mengine alianza kubandua gome kwa kucha. Watafutaji kumi wakifanya hivyo, viti vya mzee vitabaki uchi. Maelezo ya kasha lazima yaseme wazi: hakuna cha kubandua, kung'oa wala kuinua. La pili ni ugumu, ambao unahitaji ukurasa wake.

Bado Aprili. Ugumu na ardhi

Kila kasha hupewa alama mbili, kila moja kuanzia 1 hadi 5 kwa hatua za nusu. Ya kwanza ni ugumu wa kulitafuta, ya pili ni ardhi ya kulifikia. Zinazaa mchanganyiko 81, na kuna watu ambao raha yao ni kuukusanya wote, wakiuweka kwenye jedwali lao na kuzifukuzia pembe ngumu. Kwa hao alama ni mkusanyo. Kwa mzazi mwenye watoto wadogo, alama ni uamuzi wa kwenda au kubaki. Ndiyo maana mfichaji anayezipandisha ili aonekane hodari, au anayezishusha ili awachezee watu, mimi namwona amevunja ahadi kabla mtu hajatoka nyumbani.

Ardhi ilikuwa rahisi kuamua, na ndipo kigari kilipoingia. Ardhi ya 1 ina maana moja tu isiyochezewa: mtu aliye kwenye kiti cha magurudumu anafika na analifikia kasha. Ya 5 inataka vifaa maalumu, kama mtumbwi, kamba za kupandia au mitungi ya kuzamia. Kijia chetu ni laini karibu chote, lakini mita chache kabla ya viti kuna mizizi iliyokatiza, na magurudumu ya kigari yaligoma pale. Dada alilazimika kukiinua. Hiyo si 1, hata kama mwendo wote uliobaki ni wa kuteleza. Nimeandika 2.

Ugumu umenisumbua. Kwa mizani ya kawaida, 2 ni kasha ambalo mtafutaji wa kawaida hulipata ndani ya nusu saa, na 3 linaweza kula sehemu nzuri ya alasiri. Kuanzia 4 unazungumzia maandalizi, ujuzi wa pekee au kurudi siku nyingine. Mpwa wangu yuko katikati ya hayo, lakini alikuwa na bahati ya kamba ya kiatu. Tena kuna kitu ambacho mizani haikitaji: kadiri mtafutaji alivyo mzoefu, ndivyo gogo hili litakavyomlaghai, kwa kuwa mzoefu ana orodha kichwani ya mahali pa kutazama, na kiti hakimo. Mtoto atavuta kifundo kwa sababu tu kipo. Nimeanza na 3.5, nikiacha nafasi ya kuibadilisha nikishasoma taarifa za watu. Alama ya mfichaji ni makisio. Watafutaji ndio wanaoijua.

Nimeongeza alama mbili za tahadhari: kujificha kunahitajika, na linatafutika usiku. Ya kwanza kwa sababu wapita njia wasiojua mchezo watakuwa wamekaa juu yake mchana kutwa.

Mwisho wa Aprili. Maelezo na kidokezo

Maelezo mafupi. Habari ya bonde, onyo la gome, ombi la kutotaja gogo wala kifundo kwenye taarifa wala kwenye picha. Kidokezo huandikwa kwa fumbo la herufi zilizosogezwa nafasi kumi na tatu, ili mtu asikisome kwa bahati mbaya. Changu kina maneno mawili: "Pumzika kwanza." Asiyefikiria atadhani ninamdhihaki.

Mkaguzi ameuliza kuhusu ruhusa na kama pamechimbwa. Nimejibu. Tunasubiri.

Mei. Limetangazwa

Limetoka jioni, na kabla ya usiku wa manane daftari lilishakuwa na jina. Kuna watu wanaowekewa tahadhari kwenye simu na kutoka na tochi, nusu ya chakula ikiwa bado mezani, kwa ajili ya kuwa wa kwanza tu. Hakuna zawadi, kuna mstari wa juu kabisa kwenye karatasi safi. Huyu wa kwetu alikuja na mwenzake, na kwa taarifa yao mmoja alimulika huku mwingine akiwa amekaa akimwelekeza pa kumulika. Mnajua alikuwa amekaa wapi.

Tochi imenifundisha kitu: mwanga wa pembeni unakionyesha kile kivuli cha ukingo kuliko jua. Usiku kasha hili ni rahisi zaidi.

Juni. Taarifa za watu

Taarifa ndizo malipo ya mfichaji. Mtu akiandika "asante kwa kasha" akaishia hapo, sawa, hajanikosea, ila nimeshinda karakanani wiki nzima kwa maneno matatu. Wengi wa gogo hili wameandika zaidi. Mmoja alisubiri wapenzi wawili wamalize mazungumzo marefu juu ya kasha, akijifanya mpenzi wa ndege. Mwingine alikata tamaa, akaandika kwamba hakulipata, akarudi wiki iliyofuata na bintiye mdogo ambaye alikwenda moja kwa moja kwenye kifundo. Nilitabiri.

Wale wanaoandika kwamba hawakupata nawashukuru kuliko wengine. Wachezaji wengi huona aibu wakalinyamazia, na mfichaji hajui kama kasha ni gumu au limeibwa. Walipofuatana bila kulipata, nilipanda kulitazama, nikalikuta salama, nikaandika hivyo ili wanaofuata wajue.

Alama za kipenzi zimeanza kuja. Tangu 2010 mwanachama anayelipa hupata alama moja ya kutoa kwa kila makasha kumi anayoyapata, kwa hiyo anayekupa ya kwake ameyapima mengine tisa akaliona lako. Ugumu unaweza kuununua kwa kichaka cha miiba. Alama hii huipati kwa miiba.

Daftari nalo linasomeka. Huko Dartmoor, Uingereza, mwaka 1854, mwongozaji James Perrott aliacha chupa Cranmere Pool ili waliofika mbali vile waache kadi zao, na ukilishika daftari lililojaa miandiko ya watu usiowajua unaelewa kwa nini desturi ile haikufa. Kwenye letu mtu amechora gogo lenye macho. Nimelikubali kama nembo.

Julai. Matengenezo

Gogo limeanza kukauka na tundu limekuwa la yai kama nilivyotarajia. Kopo linapita bado, lakini mpira unabanwa upande mmoja na kulegea mwingine. Nimelipitisha patasi kidogo. Vipakiti vya unyevu nimebadilisha, daftari ni kavu. Kijitundu cha hewa kilizibwa na buibui, nikamhamisha.

Ugumu nimeushusha kuwa 3. Taarifa zinaonyesha kwamba wengi wanalipata ziara ya kwanza, baada ya kukaa. Wachache waliokuwa wakisaka 3.5 na 2 kwa ajili ya jedwali lao wamenuna, maana kubadilisha alama kunabadilisha na rekodi zao. Nawaelewa, ila sikuliweka gogo kwa ajili ya jedwali.

Kasha la Mingo, Kansas, lililofichwa tarehe 11 Mei 2000, bado linatafutwa hadi leo, na haliwezi kudumu hivyo bila watu kulihudumia. Langu litaoza. Mzee ananiambia gogo la aina hii likikaa juu ya udongo halichukui miaka mingi, na ameshaniwekea jingine kavu pembeni.

Kazi iliyobaki mwezi huu ni mpira mpya wa kopo, penseli moja (imechukuliwa, kama kawaida), na kumjibu mtafutaji aliyekwenda mara kadhaa bila mafanikio na anaomba kidokezo cha pili. Nimemuuliza kama alipofika alipumzika. Amesema ndiyo, tena sana, kuna viti vizuri. Sijamwongezea neno.